Mlango wa Mama Achieng'

Wajukuu zangu hunicheka kwamba nikiingia nyumba ya watu, kabla sijaketi, lazima nifunge mlango, niufungue, kisha niufunge tena. Mmoja wao aliwahi kuwaambia wenzake kwamba babu anaogopa wezi. Siogopi wezi. Nilikuwa fundi wa mawe kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu mnaosikia haya, na ni mlango ulionifundisha kazi wakati nilipodhani nimekwisha kuijua. Sasa magoti yamekataa ngazi, kilichobaki ni mdomo. Basi nisikilizeni, na asiye na subira aende akachanganye simiti.

Nyumba yenyewe ilikuwa Eastleigh, Nairobi, kwenye barabara ndogo nyuma ya First Avenue, enzi ambazo ungeweza kuvuka ukiwa umebeba kioo cha dirisha na ukafika nacho kizima. Ilikuwa na ghorofa moja juu, kuta za mawe ya kijivu yaliyochongwa kwa mkono, paa la vigae vyekundu, na mbele roshani ndefu ya mbao iliyotazama barabara. Ukiingia mlango mkubwa uliokuwa pembeni, ulipita kwenye ujia mpana, ngazi ya mbao ikiwa mkono wa kushoto, kisha ukatokea uani. Huko kulikuwa na bomba moja la maji, vyumba vya kuzunguka, na kamba za nguo zilizokuwa na wenyewe. Ukianika kwenye kamba ya mtu, utaisikia siku nzima.

Iliyoijenga ni familia moja ya Kihindi, kabla sijazaliwa. Walipohama iliuzwa, ikauzwa tena, na kila mwenye nyumba mpya aliongeza plasta na rangi juu ya rangi ya mwenzake. Nilipoifikia katikati ya miaka ya sabini ilikuwa imegawanywa chumba kimoja kimoja. Wengine walikuwa wa Murang'a na Nyeri, wengine wa Siaya na Kakamega, wote wakigombania bomba lile lile na kusalimiana kwa heshima Jumapili wakitoka makanisa tofauti.

Kuta kama zile siku hizi hamjengi. Fundi wa zamani alipanga safu mbili za mawe, ya nje na ya ndani, akajaza vifusi katikati, akashikanisha yote kwa udongo na chokaa. Msidharau chokaa. Ni laini, inapumua, na nyumba ikikaa vibaya kidogo inakaa nayo. Mimi niliwahi kupiga plasta ya simiti tupu juu ya ukuta wa chokaa kule Pumwani, nikijiona mtu wa kisasa. Mvua ya kwanza ilipita salama. Ya pili, plasta yote ilibanduka kwa pamoja ikaangukia sufuria ya githeri ya mwenye chumba. Nilirudia kazi nzima, na githeri nikainunua mimi.

Aliyenifunza alikuwa Mzee Gathogo, mtu mfupi wa Murang'a, ambaye sikuwahi kumwona bila kofia. Yeye alifunzwa na mafundi wa Kihindi, hata alipokasirika alihesabu kwa lugha yao. Wiki mbili za kwanza hakunipa nyundo. Alinipa mpini peke yake, bila kichwa, akanizungusha Shauri Moyo na Pumwani nikigonga kuta.

"Mpini hauwezi kuharibu kitu cha mtu," aliniambia. "Gonga, nyamaza, sikiliza. Halafu uniambie ndani kuna nini."

Nilijifunza. Ukuta mzima hulia kwa sauti fupi na nzito. Mahali penye uwazi au vifusi vilivyolegea hulia kama debe lililobakia maji kidogo. Hilo nililishika vizuri sana, na ndilo lililoniponza, kama mtakavyoona.

Mwenye nyumba wa wakati huo aliitwa Mzee Ndung'u. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na picha moja kichwani, na picha hiyo ilikuwa na maduka manne. Aliondoa wapangaji wa vyumba vya mbele vya chini, wengi wao akawahamishia vyumba vya uani, kisha akaniita. Siku ya kwanza nilimkuta amesimama barabarani na kipande cha chaki, tayari amekwisha kuchora milango minne ukutani, yote sawa, nafasi sawa katikati.

"Wafula," akasema, "nataka maduka manne. Matatu yana wenyewe. La nne nimemwahidi mama wa juu."

Mama wa juu alikuwa Mama Achieng', mshonaji. Alikuwa mjane wa kutoka Siaya, na watoto wake wanne walilala, wakala na kusoma kwenye chumba kile kile alichoshonea. Chumba kilikuwa mbele, juu kabisa ya mahali tulipokuwa tunakwenda kufanya kazi, na mlango wake ulifunguka kwenye roshani. Wateja walipanda ile ngazi kupimwa, na wanene walifika juu wamekata tamaa. Duka la chini, lenye mlango wa barabarani, alikuwa amelingoja kwa miaka mitatu. Jioni tulipofunga kazi alikuwa akiteremka, anasimama mbele ya ule mlango wa nne wa chaki, anautazama tu, kisha anarudi juu. Siku moja alinionyesha kitambaa cha pazia alichokwisha kukata.

Basi nikagonga ukuta wa mbele mwisho hadi mwisho, kama nilivyofunzwa. Sehemu tatu zililia kama debe. Katikati yazo palikuwa na sehemu mbili nzima kabisa, ngumu. Mlango wa pili wa Mzee Ndung'u ulikuwa umechorwa barabara juu ya moja ya zile ngumu. Nikafurahi. Nikajiambia, hapa ndipo pa kuanzia, maana ukuta mzima hukatika vizuri, kingo zinabaki nzuri, wala vifusi havitakumwagikia. Zile sehemu zinazolia tutazishughulikia baadaye.

Fundi aliyekomaa kati yenu ameshaona kosa. Wengine, ngojeni kidogo.

Nilifanya kazi na Musyoka, mtu wa mtarimbo, mwenzangu wa siku nyingi. Tukaweka miti miwili ya kushikilia juu, tukaanza kutoa mawe ya safu ya nje ili tuingize nusu ya linta, boriti ya juu ya mlango, kwanza, halafu tuhamie ndani. Hiyo njia ni sahihi. Siku ya pili asubuhi Mama Achieng' aliteremka akiwa na futi yake ya kupimia nguo shingoni.

"Fundi, mlango wangu umekataa kufunga."

Sikuinua hata kichwa. "Ni mbao, mama. Imevimba na mvua."

"Mvua gani? Hii Januari?"

"Mbao za zamani zina mambo yake. Nitakuja niupige randa kidogo."

Kisha akasema polepole, "Huo mlango nimeufunga kila siku kwa miaka tisa. Naujua."

Alipoondoka Musyoka alicheka. "Huyo mama anapenda maneno mob, hayaishi. Chapa kazi."

Tukachapa kazi. Nawaambia ukweli, sikuwa na haraka yoyote, wala hakuna aliyekuwa ananisukuma. Nilikuwa najua, basi. Mtu akijua sana masikio yake hufunga duka.

Saa nane mchana alirudi. Alikuwa amebeba gauni jeupe la bibi harusi, amelikunja mikononi, akalikunjua mbele yangu. Kwenye bega na kifuani lilikuwa na unga wa chokaa, mwingi, na chembe za plasta.

"Hii imetoka juu ya mlango," akasema. "Na hii ni mvua, fundi?"

Niliacha patasi chini nikapanda. Juu ya kizingiti cha mlango wake, ufa ulikuwa umeanzia kwenye kona ya fremu ukapanda kwenda darini, mahali pengine ungeingiza kidole kidogo. Fremu ilikuwa imelala upande. Nikajaribu kufunga mlango, ukagota. Watoto wawili walikuwa chini ya meza wakifanya hesabu za shule.

Tulimtoa yeye na watoto na wapangaji wote wa mbele tukawapeleka uani. Mama Achieng' alikataa kutoka bila cherehani. Mimi na Musyoka tukaibeba kushuka ngazi nzima, chuma kitupu ile, na yeye nyuma yetu akituambia tusiigonge. Kisha tukarundika mawe makavu kwenye lile tundu, tukayabana kwa kabari, na Musyoka akakimbia soko la Burma kumtafuta Mzee Gathogo. Alikuwa huko akijenga meza za bucha moja, na alikuja na harufu ya nyama kwenye koti.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alichukua mpini wa nyundo mkononi mwangu, akatoa kichwa cha nyundo, akanirudishia mpini mtupu.

"Gonga," akasema.

Nikagonga. Debe. Akanisogeza. Zito. Akanisogeza tena. Debe.

"Umesikia nini?"

"Hapa ni pabovu, hapa pazima."

"Kwa nini fundi aliyejua kazi ajenge pabovu, pazima, pabovu, pazima, kwa kipimo kimoja?"

Ndipo akachukua patasi akabandua plasta juu ya mahali palipolia, taratibu, ukubwa wa sinia. Chini ya rangi ya kijani, na ya krimu, na ya buluu, mawe yalitokea yamekaa kwa mshazari, yameegemeana kama mabega ya watu. Lilikuwa tao. Akabandua kwingine, tao la pili. Na la tatu. Ukuta ule wote wa mbele ulikuwa matao matatu mapana, na mtu fulani baadaye aliyaziba kwa vifusi akapiga plasta. Nyumba ile ilijengwa ikiwa duka tangu mwanzo, duka chini na familia juu. Ikafungwa ikawa makao, na sasa tulikuwa tunairudisha ilikotoka bila kujua.

Kwa hiyo zile sehemu zilizolia kama debe ndizo zilizokuwa milango. Na ile sehemu ngumu niliyoifurahia ilikuwa nguzo, iliyobeba miguu ya matao mawili, na juu yake roshani, na juu yake Mama Achieng' na wanawe. Mimi nilisikia vizuri nikaelewa vibaya. Mnaijua methali ya asiyeziba ufa. Mimi ufa niliutengeneza mwenyewe, halafu nikajenga ukuta.

Tuliijenga nguzo ile siku sita. Tulisimamisha miti minene ya mkaratusi pande zote mbili, tukapitisha boriti ndani ya ukuta, tukabana kwa kabari, kila kabari pigo moja moja kwa zamu, ili mzigo uhamie bila kushtuka. Kisha jiwe kwa jiwe, kwa chokaa na simiti kidogo tu, na vipande vya mawe bapa vikisukumwa kwenye kila nafasi hadi visikubali tena. Juu kwenye ufa Mzee Gathogo alibandika kipande chembamba cha kioo kwa plasta, upande huu na upande huu. Hiyo kaandikeni. Ukuta ukiwa bado unatembea, kioo kitavunjika kabla jicho lako halijaona kitu. Cha kwanza kilivunjika siku hiyo hiyo. Akabandika cha pili, na kila asubuhi tulipanda kukitazama kabla ya chai. Hicho kilikaa.

Mzee Ndung'u alikuja, akaona matao, akayapenda. Hata alimwita jirani aje ayaone. Kisha akahesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Akahesabu tena, kana kwamba la nne limejificha nyuma ya gari.

"Hakuna la nne?" akaniuliza.

"Hakuna. Ukikata nguzo tena nyumba inashuka."

Akaguna. "Basi mama wa juu atangoja. Wale watatu walitangulia."

Hilo liliniuma, na bado linaniuma kulisema. Aliyeokoa nyumba ni Mama Achieng'. Kama angelinyamaza, au kama angeliniamini mimi na mbao yangu iliyovimba, sijui ningekuwa nawasimulia nini leo. Na katika watu wote, ndiye aliyekosa. Mzee Ndung'u hakutaka kwenda kumwambia, akanituma mimi. Nilimkuta uani akishona chini ya kamba za nguo. Nikamwambia moja kwa moja.

Akamaliza mshono wake. Akakata uzi kwa meno. "Sawa, omera," akasema, akiniita ndugu kwa Kijaluo. "Matao ni mazuri lakini." Kisha akainama akawa anatafuta pini ambayo haikuanguka, na mimi nikaondoka ili aitafute vizuri.

Siku mbili nilizunguka nyumba ile na mpini mtupu kama mwanagenzi. Niligonga kila kitu. Chini ya ile ngazi ya mbao, kwenye ujia, palikuwa na mbao zilizosimama zimepigwa rangi ya kahawia, na watu wote walidhani ni ukuta. Nikagonga: debe. Safari hii sikufurahi wala sikuogopa. Nilimwita Mzee Gathogo, akagonga naye, akapanda ngazi, akarukaruka juu yake na kofia yake, akasema ngazi imejibeba yenyewe kwenye boriti mbili, mbao zile ni pazia tu. Tukazitoa. Ndani kulikuwa na mizani ya chuma yenye kutu na makopo ya chai ya wale wenyewe wa kwanza. Ilikuwa stoo yao.

Chumba kilikuwa cha pembe tatu. Upande wa mlango mkubwa ngazi ilikuwa juu, mtu mrefu alisimama wima. Upande wa ndani ilishuka hadi ukae. Mzee Ndung'u alikitazama akasema hakuna biashara inayoweza kuingia mle. Nikamwambia ipo moja. Mteja wa mshonaji husimama apimwe. Mshonaji mwenyewe hukaa.

Nikamwita Mama Achieng'. Alikuja na futi yake, akapima: meza ya cherehani, kiti, mahali pa mteja. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliwaita wanawake wawili waliokuwa bombani, akawataka wapishane kwenye ujia na ndoo zimejaa, akapima nafasi waliyohitaji.

"Nisije nikawazibia wenzangu njia ya maji," akasema. "Toa inchi nne kwangu."

Nikatoa inchi nne. Kaunta niliitengeneza kwa zile mbao za kahawia, na pazia lake lililokatwa kwa mlango wa barabarani likatosha likabaki. Chumba cha pembe tatu kilikuwa na mteja tangu wiki ya kwanza, maana kila aliyeingia nyumba ile alipita mbele yake, na wanene hawakupanda ngazi tena. Waliogonga kichwa kwenye ngazi aliwaambia, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akaendelea kuwapima. Yale maduka matatu yalibadilisha wenyewe mara nyingi: viatu, redio, viatu tena. Yeye alikaa miaka kumi na zaidi.

Nami kila nilipopita Eastleigh niliingia. Alinipa ufunguo wa chumba chake cha juu bila kuombwa, nikapanda, nikatazama kioo juu ya kizingiti, nikafunga mlango wake kwa kidole kimoja. Ulifunga.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nyumba iliuzwa kwa mara ya mwisho, ikabomolewa kupisha jengo refu. Sikwenda kutazama. Wakati huo Mama Achieng' alikuwa amejenga vyumba viwili mtaa wa Lucky Summer, na wiki moja baadaye alituma neno kwamba nina kazi huko. Nilimkuta amekaa nje, mlango umeegemezwa ukutani. Niliujua kabla sijaufikia, rangi zile zile za kuta za Eastleigh, kijani, krimu na buluu, zikionekana pale ulipokwaruzwa. Alikuwa amewaomba wabomoaji wampe, pamoja na fremu yake.

Nilifanya kazi ile siku nzima, na mtu mwingine angeifanya nusu siku. Nilisimamisha fremu kwa timazi, nikapima mara tatu, nikafunga bawaba. Nilipomaliza nikarudi nyuma. Yeye akainuka taratibu, akaushika, akausukuma kwa kidole kimoja. Ukaenda wenyewe, ukaingia kwenye fremu, kitasa kikalia.

Akaufungua tena, akanitazama.

"Haya, Wafula. Siku ukikataa kufunga, nitakuita. Na usiniambie ni mvua."

"Nitapanda mara ya kwanza, mama," nikamwambia.

"Hapa hakuna ngazi," akasema, akaingia ndani kutia chai motoni.